Mradi wa riwaya usiomruhusu mwanafunzi kukikwepa kitabu

Mwalimu mgeni, karibu kazini. Nimefundisha fasihi huku Eastlands, Nairobi, miaka kadhaa, na kuna kosa la mwaka wangu wa kwanza ambalo ningependa likupite. Tulipomaliza riwaya, niliwabandikia wanafunzi orodha ya miradi kumi na mitano wachague: bango, wimbo, shajara, jalada jipya, mfano wa kijiji, hata sikumbuki vingine. Jumatatu ya kukusanya, kijana mmoja alishuka kwenye matatu amekumbatia nyumba ya mbao yenye paa la mabati na madirisha yanayofunguka. "Nyumba ya mhusika mkuu, mwalimu," akasema. Nikamuuliza mama mtu alilala chumba kipi. Akaitazama nyumba, akanitazama mimi. Mjomba wake ni seremala Gikomba, na kitabu hakikuwa kimefunguliwa.

Siku hizi naupima mradi kwa swali moja tu: aliyesoma mwongozo wa riwaya tu, bila riwaya yenyewe, anaweza kuufanya? Akiweza, nauondoa. Jalada jipya likaenda. Bango la maudhui nalo likaenda, na sikulililia.

Ninaoupenda kuliko yote ni barua ya mhusika mdogo. Mwanafunzi achague mtu anayetajwa mara mbili tatu, mfanyakazi wa nyumbani au jirani, aandike barua kwa sauti yake kuhusu tukio moja. Sharti: mwandishi wa barua asijue asichoweza kukijua. Hapo ndipo utamu ulipo. Kuna aliyemfanya mpishi asimulie siri iliyozungumzwa chumbani usiku, mlango umefungwa. Kabla sijasema neno, msichana wa nyuma akadakia, "Yeye alisikia wapi?" Tukapekua kurasa, darasa zima, tukitafuta kama mpishi alikuwa karibu. Hakuwa. Suala la nafsi ya msimulizi, ambalo nilikuwa nimelihubiri wiki nzima bila mafanikio, likaeleweka kwa dakika kumi. Watakuuliza pia kama Sheng, lugha yao ya mitaani, inaruhusiwa. Mimi naruhusu, ila aliyeiandika anithibitishie kwamba mhusika wake angeongea hivyo. Mzee wa kijijini hawezi kuanza barua na "niaje".

Ramani inafaa riwaya yenye safari. Siku Njema ya Ken Walibora, kwa mfano: Kongowea anatoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babake. Ukisema "choreni ramani" na kunyamaza, watanakili atlasi. Sema kila kituo kiandikiwe ukurasa na maneno ya kitabu yaliyomfikisha hapo, kisha mstari uwe mnene pale mwandishi alipokaa sana na mwembamba alipopita haraka. Ulizeni kwa nini.

Kesi ya mahakamani, mhusika akishtakiwa darasani, wote wanaijua, inachangamsha, lakini ukiwa na wanafunzi hamsini usiifanye kwenye kipindi kimoja cha dakika arobaini. Subiri kipindi pacha. Shahidi asiye na nambari ya ukurasa, hakimu amwondoe kizimbani.

Halafu pesa. Karatasi za manila, gundi na rangi ni gharama kwa mzazi anayehesabu nauli. Mimi nimepiga marufuku kununua chochote: daftari, kalamu, na boksi kutoka dukani ukipewa bure. Kazi zimepungua urembo, na walimu wenzangu wengine wananicheka kwamba ukuta wangu umepauka. Ukuta haufanyi mtihani.

Kwa alama, naweka nusu nzima kwenye maelezo ya nusu ukurasa: ulichagua nini, ukaacha nini, ukurasa upi ulikuongoza. Maelezo yaandikwe darasani, mbele yako. Nyumbani kuna mjomba, kuna dada aliye chuoni, na sasa kuna simu inayoandika insha nzima kabla chai haijapoa. Kisha mwite kila mmoja mezani, kazi yake mkononi, umuulize swali moja dogo kama lile la chumba cha mama. Wanafunzi hamsini huchukua vipindi vitatu hivi, kwa hiyo panga mapema, kabla wiki ya mitihani haijakubana.