Kompresa ina unyevu, mvuke, jasho ama umande?

Swali limetoka kwa kijana anayechora picha kwenye matatu, akitumia kompresa, ile mashine ya kubana hewa, kwenye karakana moja Industrial Area, hapa Nairobi. Ameandika hivi:

"Habari mwalimu. Sisi tunachora nganya, zile matatu za mapambo, kwa eabrashi, ile kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa. Kompresa ikishafanya kazi saa mbili hivi, eabrashi inaanza kutema maji na mchoro unaharibika. Sasa tunabishana jina. Mimi nasema ni unyevu, mwenzangu anasema mvuke, mzee mwenye karakana anasema tangi limetoa jasho, na fundi wetu mmoja wa kutoka Tanga anasema huo ni umande. Tuliandika ukutani TOA MVUKE KILA JIONI, halafu kijana mpya akawa kila jioni anavuta ile pete ya valvu ya juu, hewa inatoka yote, anaenda nyumbani. Siku ya nne uso wa simba kwa bodi ukajaa madoa. Neno sahihi ni lipi?"

Ndugu yangu, pole kwa huyo simba. Na huyo kijana msimlaumu hata kidogo, manake alisoma Kiswahili vizuri kabisa. Mvuke ni nini? Ni maji yaliyogeuka gesi, yanapanda, hayashikiki, yanatoka kwa sufuria ya chai halafu yanapotea hewani. Mtu akiambiwa atoe mvuke atafungua juu, hata wewe nyumbani unafunua kifuniko, hutoboi sufuria chini. Sasa maji yenu yalikuwa yamelala chini ya tangi siku zote hizo yakiongezeka. Kosa liko ukutani.

Tuanze na hewa yenyewe, kwa sababu ukijua kitu kinapita wapi jina lake linakuja lenyewe. Hewa ya kawaida ina mvuke ndani yake, hata siku ya jua kali. Kompresa ikichukua lita 8 za hewa ikazibana ziingie nafasi ya lita 1, mvuke wa hizo lita 8 wote umeingia hapo, lakini hiyo nafasi ikipoa inabeba mvuke unaoweza kukaa kwenye lita moja tu. Wa ziada utaenda wapi? Unageuka maji. Ukitoka kwa pampu hewa bado ni moto kwa hivyo unabaki mvuke, ukifika kwenye tangi na kwenye mpira wa kupeleka hewa unapoa, matone yanaanza. Ndiyo maana inakuwa mbaya zaidi msimu wa mvua, ile ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba, na ndiyo maana wenzenu wa Mombasa wanateseka mwaka mzima.

Kwa hivyo safari moja ina majina mawili, inaanza mvuke inaishia maji. Na tafadhali msiseme mvuke "umeganda", nalisikia sana hili. Kuganda ni kuwa kigumu, mafuta ya nazi yanaganda, maji yakiganda ni barafu. Mvuke unageuka maji, basi, hakuna haja ya neno kubwa.

Na unyevu je? Hapo wewe mwenyewe ulikuwa karibu. Unyevu ni hali, ni jina la sifa, limetokana na -nyevu kama vile utulivu umetokana na -tulivu. Udongo una unyevu, ukuta una unyevu, hewa ina unyevu. Unaweza kuupima, unaweza kuupunguza, lakini huwezi kuumwaga kwa ndoo, na hauna wingi, tunasema unyevu mwingi, unyevu umezidi, hatusemi "manyevu". Unyevunyevu nao ni sawa, kule kurudia kunapunguza makali, kama maji na majimaji. Kwa hivyo "hewa ya kompresa ina unyevu" ni sentensi safi kabisa. "Mwaga unyevu" ndiyo imepinda.

Kuna neno moja zuri ambalo watu wa bara tumelisahau, rutuba. Sisi tunalijua la shamba tu, udongo wenye rutuba, lakini lilikuja kutoka Kiarabu likiwa na maana ya unyevu, na kamusi za zamani za Kiswahili bado zinalipa maana hiyo. Sikushauri uliandike ukutani, vijana watadhani mnapanda sukuma wiki. Nalitaja kwa sababu nalipenda na sitaki lipotee.

Jasho la mzee. Mzee hajakosea Kiswahili, chupa ya soda baridi inatoa jasho, kuta zinatoa jasho, watu wanasema hivyo na wanaeleweka. Shida ni kwamba jasho tunaliona juu ya ngozi, likitoka ndani kuja nje. Ukimwambia mwanafunzi tangi limetoa jasho ataligusa kwa nje, akikuta limekauka atasema liko sawa. Mbaya zaidi anaweza kudhani linavuja, na kuvuja ni ugonjwa mwingine kabisa.

Huyu wa Tanga ndiye amenifurahisha. Kwa sayansi yeye ndiye wa karibu zaidi kuliko nyote, kwa sababu umande unatokea hivyo hivyo, mvuke wa hewa unakutana na jani lililopoa usiku unageuka matone, na hata wataalamu wa hewa iliyobanwa wanapotaja kile kiwango cha baridi ambacho mvuke unaanza kugeuka maji, Kiingereza chao kinatumia neno la umande. Lakini kwa matumizi umande wetu una mahali pake, ni wa nje, wa alfajiri, wa nyasi na miguu ya watoto wakienda shule, ndiyo tukasema mtu asiyesoma alikimbia umande. Ndani ya chuma haukai vizuri.

Sasa nisikilize hapa, manake hili linagusa mfuko. Ile filta yenye kikombe kinachoning'inia inashika matone, haishiki mvuke. Mkiifunga pale pale kompresa inapotokea, hewa ikiwa bado moto, mvuke utaipita kama haipo halafu utageuka maji mbele kwenye mpira. Ifungeni mbali kidogo, hewa ikishapoa, na mpira usilegee ukafanya tumbo chini maana maji yatalala hapo. Mkitaka kushika mvuke wenyewe mnahitaji zile chembe za kufyonza, kuna aina ya buluu ambayo ikishiba inageuka waridi. Kwa hivyo ukienda dukani Kirinyaga Road ukasema "nataka ya kutoa unyevu" utapewa chochote. Sema ya kunasa maji, ama sema ya kufyonza mvuke. Ni vitu viwili.

Na rangi? Usiseme rangi ina unyevu kama haijakauka, sema rangi bado mbichi, kama nguo mbichi kwenye kamba. Klia, ile vanishi ya mwisho isiyo na rangi, ikipigwa siku ya mvua ikafanya weupe weupe kama maziwa, imepauka. Wengine wanasema imeingia ukungu, nalo linaeleweka, ila ukungu pia ni ule unaoota kwenye mkate, mwenye gari akisikia hivyo atashtuka bure.

Ukutani futeni yale maneno, muandike hivi, kwa herufi kubwa, karibu na tangi lenyewe:

ZIMA KOMPRESA. PUNGUZA HEWA. FUNGUA KOKI YA CHINI POLEPOLE, MWAGA MAJI MPAKA ITOKE HEWA TUPU. KILA JIONI.