Anti, nimeitwa intavyu ya chuo Marekani na naogopa

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni binti wa form six, nasoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) shule ya bweni hapa Morogoro mjini ila kwetu ni Ifakara. Mwanzoni mwa mwezi wa 11 nilituma maombi chuo kimoja cha Boston kwa msaada wa mwalimu wangu wa baiolojia, sasa kuna mama mmoja ambaye alisoma hapo zamani ametuma imeili anataka tuongee kwenye zoom kama dakika 45, ameandika 10 a.m. saa za kwao na amenipa siku tatu nichague. Anti mimi kiingereza cha kuandika niko vizuri lakini cha kuongea natetemeka kabisa. Rafiki yangu amenikopia majibu mtandaoni, kurasa sita, nayakariri usiku. Na je nimwambie baba alifariki na mama anauza mchele ili anionee huruma? Sina cha maana cha kusema, sijawahi kuanzisha taasisi wala kushinda tuzo, likizo huwa naenda tu shambani kuamia ndege na mwaka juzi nilikuwa nawasaidia watafiti waliokuja kuweka mitego ya mbu mtaani kwetu kuandika namba za nyumba, basi. Simu shuleni haziruhusiwi. Nisaidie.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana, maana mpaka hapo ulipofika wengi hawafiki.

Kwanza mjue huyo mama ni nani ili hofu ipungue. Sio mwajiri na wala hana kura ya mwisho. Ni mtu aliyehitimu hapo, anajitolea bila kulipwa, na mara nyingi hajaona matokeo yako wala insha zako, amepewa jina na imeili yako na vitu vichache tu. Mkimaliza kuongea anakaa anaandika ripoti anaituma chuoni, na ripoti hiyo inaungana na mafaili mengine yote. Kwa hiyo kazi yako siku hiyo ni moja, umpe kitu cha kuandika. Ukimpa majibu yaleyale ya kurasa sita ambayo na watoto wa India na wa Brazil wameyakopi hukohuko, ataandika nini sasa? Ataandika binti mzuri, mpole, basi.

Hizo kurasa sita ziache, nakuomba. Tena unasema huna cha maana halafu sentensi hiyohiyo umeniandikia mitego ya mbu! Binti wa PCB anayetoka bonde la Kilombero, bonde la mpunga na maji yaliyotuama, mahali ambapo kuna Taasisi ya Afya Ifakara inayofanya utafiti wa malaria unaojulikana duniani, halafu yeye mwenyewe amepita nyumba kwa nyumba na watafiti akiandika namba, unaona sio kitu? Hicho ndicho cha kusema. Kaa chini ujikumbushe vizuri, mitego iliwekwa wapi ndani ya nyumba, asubuhi walikuwa wanaichukua na kufanya nini, nani mtaani alikataa na alikataa kwa sababu gani, wewe ulimwambia nini akakubali au hakukubali, na swali gani lilibaki kichwani mwako ambalo hukupata jibu. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote maana wanatafuta mtu mwenye maswali. Hata kuamia ndege usikuache, kama ulishawahi kujiuliza kwa nini kwelea kwelea wanakuja kundi zima siku moja na kesho hawapo, hiyo ni baiolojia mwanangu, iseme.

Halafu kuna tabia yetu moja ya malezi mazuri kabisa ambayo kwenye intavyu hizi inatuangusha. Tumefundishwa tusijisifu, mbele ya mkubwa ujibu kwa kifupi uinamishe macho, na kila kitu tunasema "tulifanya". Yeye akisikia "tulifanya" hajui wewe ulikuwa wapi hapo. Sema mimi niliandika orodha, mimi nilimwelewesha bibi yule, mwenzangu alifanya hiki. Huko sio kujisifu, unaeleza ukweli. Na jibu usilikate kwa ndiyo au hapana, ongeza mfano mmoja kisha nyamaza, sio lazima ujaze kila ukimya. Macho yaangalie kamera, kwao ndio heshima.

Kuhusu kiingereza, anajua wewe sio Mmarekani na hakuna atakayekupunguzia kwa lafudhi. Kinachosumbua zaidi ni wao kuongea haraka, usiposikia sema samahani naomba urudie, ukihitaji kufikiria sema naomba nifikirie kidogo, ni kawaida kabisa. Mazoezi yake sio kukariri, kila siku baada ya prepo mshike rafiki yako huyo wa kurasa sita mwambie kwa kiingereza kitu kimoja kilichotokea siku hiyo, dakika kumi, naye akuulize "kwa nini" mpaka uchoke. Mwalimu wako wa baiolojia muombe akufanyie intavyu ya majaribio angalau mara mbili, na mara ya pili abadilishe maswali yote. Maswali yenyewe hayana maajabu sana, jieleze, kwa nini chuo hiki, unapenda kusoma nini na kwa nini, nje ya darasa unafanya nini, jambo gani lilikuwa gumu ukalipitia vipi. Lile la kwa nini chuo hiki usijibu kwamba ni maarufu, tafuta kozi au maabara moja unayoitaka kweli useme inaungana vipi na mbu wako.

Sasa la baba, pole sana mwanangu. Ukitaka kusema sema, ni maisha yako, lakini usiseme ili uonewe huruma kwa sababu huyo mama hahusiki kabisa na pesa za ada, mambo ya msaada wa fedha yanapitia ofisi nyingine kwa fomu zake. Vyuo kama Harvard, Yale, Princeton na MIT katika kuchagua hawaangalii familia ina uwezo kiasi gani, hata kwa wanafunzi wa nje. Kwa hiyo ukimtaja baba, mweleze na wewe ulibeba nini baada ya hapo, kama ni kumsaidia mama hesabu za mchele basi sema hizo hesabu ulizifanyaje.

Muda, hapa wengi wameumia. Desemba Boston iko nyuma yetu masaa 8, kwa hiyo saa nne yao ya asubuhi ni saa kumi na mbili jioni huku. Kabla ya Jumapili ya kwanza ya Novemba, wanapokuwa hawajarudisha saa zao nyuma, tofauti ni masaa 7, kwa hiyo mtu akikuambia ni saa kumi na moja jioni ujue anahesabu ya zamani. Ukijibu imeili andika saa za kwao na za kwetu zote mbili, 10 a.m. Boston, 6 p.m. Tanzania, akuthibitishie. Na ujibu mapema, siku moja au mbili, kama huna namna mwalimu akufungulie ujibu mwenyewe.

Kwa kuwa simu hairuhusiwi, printi hiyo imeili uende nayo kwa mkuu wa shule pamoja na mwalimu wako, muombe kompyuta ya ofisini na chumba kimya kwa saa moja. Wakuu wengi wakiona karatasi wanaelewa. Ikishindikana mwandikie yule mama kwa adabu kwamba uko bweni, unaomba siku baada ya shule kufungwa, hatachukia. Ukifanyia nyumbani LUKU iwe na yuniti, simu ichajiwe na bando liwepo la ziada, na namba ya pili ya kukupata umpe kabla, ili umeme ukikatika katikati umuandikie tu muendelee.

Mwishoni atakuuliza una swali gani, usiseme sina. Muulize mambo yake yeye, mwaka wa kwanza alipata shida gani, mwalimu gani alimbadilisha. Kesho yake mtumie asante fupi ukitaja kitu kimoja mlichoongea.

SWALI: Habari dada. Mimi ni mzazi, Tanga. Kijana wangu naye ana intavyu ya Marekani na kuna bwana anataka laki tatu "ya kusimamia intavyu". Nilipe? Na siku yenyewe nikae pembeni yake?

JIBU: Kaka yangu usilipe hata shilingi. Intavyu ya chuo haina malipo, anayekuomba pesa kwa ajili yake hatoki chuoni. Kijana aingie kwenye akaunti yake ya maombi aandikie ofisi ya udahili moja kwa moja athibitishe jina la anayemhoji. Mkitaka ushauri, EducationUSA pale ubalozi wa Marekani Dar wanatoa taarifa bure. Kama ni ya ana kwa ana iwe mahali pa wazi kama mgahawa au maktaba, sio nyumbani kwa mtu wala chumba cha hoteli, umpeleke ukae meza ya mbali. Kama ni ya mtandaoni mwache peke yake chumbani, wewe zima redio na wadogo zake watoke nje. Ukikaa pembeni atakuwa anakujibu wewe badala ya yule anayemuuliza.

SWALI: Hujambo anti, niko Nairobi nafanya A level, nimeitwa Oxford kwa uhandisi. Ni sawa na hizo za Marekani?

JIBU: Sijambo. Hapana, sio sawa kabisa. Oxford wanaokuhoji ni wahadhiri wenyewe ambao huenda wakakufundisha, na hadithi ya maisha yako watagusa kidogo sana. Watakupa tatizo la hesabu au fizikia ambalo hujawahi kuliona na wanataka kukusikia ukifikiri kwa sauti, jibu la mwisho sio kitu kikubwa kama njia uliyopita. Wakikupa dokezo lichukue, wengine wanang'ang'ania njia yao kwa kiburi wakati mwalimu anajaribu kuwasaidia, na hapo ndipo anapoona kama unafundishika. Rudia mekanika na kuchora grafu bila kikokotoo, chuo kimeweka video za intavyu za mfano mtandaoni, ziangalie ukiwa na kalamu. Zinafanyika mtandaoni mwezi Desemba na unaweza kupata zaidi ya moja, na kama watatumia ubao wa mtandaoni ujaribu kuandikia kabla ya siku. London wakati huo iko nyuma ya Nairobi masaa 3.