Mwaka wa lugha China: siku za kwanza zinavyokuwa

Mkuu, umesema mdogo wako amepata ufadhili wa serikali ya China, anaanza na mwaka wa lugha Tianjin kabla ya shahada, na mama hapati usingizi. Nimepita njia hiyo hiyo, mji huo huo, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Makaratasi kwanza. Viza ya X1, ile ya wanafunzi wa masomo marefu, inampa siku 30 tu tangu aingie nchini ziwe za kuombea kibali cha ukaazi. Polisi nao wanataka mgeni asajiliwe ndani ya saa 24. Akifikia bweni la chuo, ofisi ya wanafunzi wa kigeni humwelekeza. Fomu ya vipimo vya afya abebe yenyewe, si fotokopi, pamoja na majibu ya damu na eksirei, na vikae kwenye begi la mkononi. Akivikosa ajiandae kupimwa upya kwa hela yake. WhatsApp, Google na Instagram havifunguki kwa mtandao wa kule, basi afungue WeChat, programu ya ujumbe wanayotumia Wachina, akiwa bado nyumbani, kwa sababu akaunti mpya mara nyingi hutaka kuthibitishwa na mtu ambaye tayari anayo. Posho ya shahada ya kwanza ni yuan 2,500 kwa mwezi, lakini ile ya mwanzo inaweza kuchelewa. Msimwachie aondoke bila hela ya kula.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Kufika China hakukuingizi kwenye Kichina. Wanafunzi wa kigeni wengi hukaa kwenye jengo lao, mbali na Wachina. Ghorofani kwetu kulikuwa na Wazambia, Wapakistani, Wakazakhstan na sisi Watanzania. Kwenye korido ni Kiingereza, jikoni Kiswahili, na Kichina kinabaki darasani mpaka saa sita mchana. Mtu anaweza kuishi hivyo mwaka mzima, afaulu hata HSK, mtihani rasmi wa Kichina kwa wageni, halafu aingie kwenye mihadhara ya uhandisi na Wachina wenyewe asiambulie kitu. Nimeona vijana wenye akili sana wakiteseka hivyo, na inauma.

Watanzania watampokea, watampikia ugali, watamfundisha kupanda metro. Awashike, hao ndio ndugu zake kule. Mimi walionipokea nawaombea dua mpaka leo. Ila jioni iwe yao, mchana uwe wa Wachina.

Aanzie kwenye chakula. Nje ya geti letu alfajiri kulikuwa na mama anauza jianbing, kifungua kinywa cha Tianjin. Anamwaga uji wa unga wa choroko kwenye bamba la moto la duara, anautandaza kwa kibao mpaka unakuwa mwembamba kuliko chapati ya maji, anapasua yai juu yake, anapaka mchuzi mzito wa soya, ananyunyiza majani ya vitunguu, kisha anakunja kila kitu kulizunguka andazi refu lililokaangwa. Kabla ya kukunja anauliza swali moja: pilipili niweke? Swali hilo hilo kila asubuhi, kwa kasi ya mji ule, na nyuma yako kuna foleni. Pale ndipo masikio yangu yalipozibuka. Baada ya muda akaanza kuuliza natoka wapi, nina ndugu wangapi, mbona leo nimechelewa. Hakuna mwalimu wa darasani angenipa hayo.

Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno, zisimtishe. Kiswahili hakina, lakini lugha zetu nyingi za nyumbani zinazo. Mimi Mhaya, na nilipoacha kusikiliza Kichina kwa sikio la Kiswahili nikakisikiliza kwa sikio la bibi yangu, mambo yalilainika. Kama mdogo wako anaongea Kichaga au Kisukuma vizuri, mwambie hiyo ni mali.

Atafute pia Mchina wa kubadilishana naye lugha, nusu saa kwa nusu saa, na saa iwekwe mezani, la sivyo Kiingereza kitameza muda wote. Beijing Foreign Studies University wanafundisha Kiswahili, na kutoka Tianjin ni kama nusu saa kwa treni ya kasi. Wanafunzi wale wana kiu ya kuongea na Mswahili kuliko unavyodhani.

Madogo madogo: vipindi huanza saa mbili asubuhi, ambayo kwenu ni saa tisa usiku, kwa hiyo mama asishangae simu isipopokelewa. Adhuhuri ofisi hufungwa, watu wanalala kidogo. Kama ni Mwislamu, aulizie kantini ya halali, vyuo vingi vinayo. Koti zito asinunue soko la Karume, atapata kule la baridi ya kule. Mguu wake ukizidi namba 44 abebe viatu, na kama ni binti abebe mafuta ya nywele.

Umeuliza kama aanze kujifunza kabla ya safari. Ndiyo, tena wiki hii. Taasisi ya Confucius, inayofundisha Kichina, ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) na cha Dodoma (UDOM). Hata akipata wiki chache tu, afike anasoma pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi kama zetu, na anajua kuhesabu, maana siku ya kwanza ataulizwa namba ya chumba, namba ya simu na bei, basi.