Jibu: Kupasua jiodi bila kuisaga

Ndugu, umeuliza utajuaje kama jiwe ulilookota ni jiodi, yaani jiwe lenye uwazi ndani uliozungukwa na fuwele, na ulipasue vipi bila kuliharibu. Lipime kwa mkono: likiwa jepesi kuliko mawe mengine ya ukubwa uleule, huenda lina uwazi ndani. Nje huwa na vinundu kama koliflawa. Jiodi za eneo la Keokuk, Marekani, nyingi ziko hivyo. Usilibamize kwa nyundo, utazivunjavunja fuwele zote! Vaa miwani ya kinga, liweke juu ya mchanga, kisha gonga tindo taratibu katikati huku ukilizungusha, hadi alama izunguke jiwe zima. Mlio ukianza kuwa mzito, ujue limekaribia kuachia. Lisafishe kwa maji na brashi laini. Siki usitumie kabisa, kwani kama ndani kuna madini ya kalisaiti, itayayeyusha.