Mama Kamati Anajibu: Ufukwe wa Kigamboni au Ukumbi wa Sinza?

*Shikamoo Mama Kamati. Ndoa yetu itafungwa kanisani Tabata, Jumamosi moja ya Aprili, saa 9 alasiri. Mimi na mwenzangu tumependa bustani moja ya ufukweni Kigamboni. Kamati inataka ukumbi Sinza, ndugu wengi wanakaa huko. Wageni ni 300. Ahadi za michango ni milioni 18, zilizoingia ni milioni 4. Mwenye bustani anataka advansi ya milioni 3 wiki hii, na hairudishwi. Anasema kuna wengine wanaililia tarehe hiyo. Nifanyeje?*
*Bi harusi mtarajiwa, Tabata*

Marahaba mwanangu, na hongera sana.

Advansi usitoe kwanza. Nimepamba kumbi za mji huu miaka mingi na hao "wengine wanaoililia tarehe" nawasikia kila msimu, sura zao sijaziona. Una milioni 4 mkononi; ukitoa 3, mpishi na mpiga picha utawashika kwa ahadi, na wachangiaji wetu unawajua: wengi hulipa wiki ya mwisho, wengine mlangoni wakiwa wameshika kadi ya dabo.

Halafu Aprili ndiyo masika yenyewe. Turubai linazuia mvua ya juu, haliyazuii maji yanayopita chini ya meza, wala visigino vya mashangazi kuzama kwenye nyasi. Muulize mwenye bustani: mvua ikishuka, watu 300 wanahamia wapi? Akikuonyesha banda la makuti la watu 60, umeshajibiwa.

Na hiyo bahari mnayoilipia hamtaiona. Ibada ya saa 9, picha na wazazi, picha na wasimamizi, safari, mpaka maharusi mnaingia na matarumbeta yenu ni saa 2 usiku. Aprili hapa Dar jua linazama kabla ya saa 12 na nusu. Labda mtaisikia MC akinyamaza, na MC hanyamazi. Zile picha za jua linazama majini mlizoziona mtandaoni msizitegemee pia, ufukwe wetu unatazama mashariki.

Wenye magari watapita Mandela na Daraja la Nyerere, watafika. Aliyekuja kwa daladala na kadi yake ya singo, saa 6 usiku anarudije Tabata? Mkodishieni Coaster, na gharama hiyo iandikeni kwenye fungu la bustani, isijifiche kwenye "mengineyo".

Kwa hiyo naegemea upande wa kamati. Ila nao wasilipe Sinza kwa sababu tu ni karibu na kwa mjomba. Mwenye ukumbi akisema "unaingiza 400", anahesabu viti vilivyopangwa kama vya mkutano. Nyie mna meza za duara za watu kumi, maana yake meza 30. Meza moja na viti vyake na njia ya mhudumu inakula kama mita 3 kwa 3. Zidisha: karibu mita za mraba 270, na bado hujaweka meza kuu, keki, bufee, spika za DJ na uwanja wa watu kuja kutunza. Chukueni futi kamba, mpime. Nguzo za katikati zihesabuni pia. Anayekaa nyuma ya nguzo amechangia sawa na wa mbele.

Nendeni kuuona Jumamosi usiku, harusi ya wengine ikiendelea. Mchana kila ukumbi ni mzuri. Ingia choo cha wanawake saa 4 usiku uone kama maji yapo. Waombe wawashe jenereta na uulize dizeli ni ya nani. Mpambaji anaruhusiwa kuingia saa ngapi? Kama mchana kuna send-off ya watu wengine, atapachika vitambaa wageni wako wakiwa mlangoni. Uliza pia muziki unazimwa saa ngapi, maana NEMC, lile baraza la mazingira, wamekwishafungia sehemu za starehe kwa kelele. Na mwenye ukumbi anatoza ada gani ukileta vinywaji vyako? Yote yaingie kwenye mkataba kabla ya shilingi kutoka.

Kama roho bado iko Kigamboni, sogezeni ndoa hadi Agosti, ibada saa 4 asubuhi, chakula cha mchana, wageni 120. Upepo wa kusi utasumbua mapambo, lakini bahari mtaiona. Sharti uwe tayari kuwakosesha kadi watu 180, na hiyo kazi sikufanyii.

*Mama Kamati, nikahi yangu ni msikitini, Tanga. Baba anataka walima chini ya turubai hapa mtaani, kaka anataka ukumbi. Wageni wengi ni majirani.*
*Msomaji, Tanga*

Baba yuko sahihi. Sufuria za pilau zinataka uwanja na moto wa kuni, na ukumbini hawatakuruhusu kirahisi. Mwoneni mwenyekiti wa serikali ya mtaa mapema kwa kibali cha kuziba njia, na acheni upenyo gari la wagonjwa lipite. Ukumbi wa kaka upelekeeni shughuli ya wanawake jioni: pale kweli mnahitaji milango inayofungwa, na mtu mkali wa kukusanya simu.