Gongo jipya la hoki: malizana na lai kwanza, mpindo utafuata

Mtu akinunua gongo jipya la hoki ya barafuni, kisha pasi zikaanza kumtoroka, lawama ya kwanza huangukia mpindo wa bapa, ile sehemu pana ya chini inayogusa barafu. Si ajabu, kwa sababu mpindo unaonekana kwa macho. Yaweke magongo mawili ubavu kwa ubavu, utaona moja limenyooka na lingine limejikunja kuelekea ncha. Lai haijionyeshi hivyo. Ni pembe iliyopo kati ya mpini na bapa, imeandikwa kwa namba ndogo kwenye mpini, na wengi hawaisomi kabisa.

Namba hizo kwa kawaida ni kati ya 4 na 7, na magongo mengi yanayouzwa ni ya 5 au 6. Namba ikiwa ndogo, mpini unalala. Ikiwa kubwa, mpini unasimama. Lai 5 ni nyuzi 135 hivi, na kila namba inayopanda huipunguza pembe hiyo kwa kama nyuzi 2. Zinaonekana kidogo hadi uzipigie hesabu: kwenye bapa la sentimita 30, nyuzi 2 zinatosha kuinua upande mmoja karibu sentimita nzima kutoka kwenye barafu. Kisahani chenyewe, kile cha mpira mgumu kinachochezwa badala ya mpira wa duara, kina unene wa sentimita 2.5 tu. Hapo kinagusana na bapa kwa sehemu ndogo, kinayumba, na pasi ya kawaida kabisa inafika kwa mwenzako ikiwa imesimama kwa ubavu.

Mimi nilihama kutoka bapa lenye mpindo wa katikati kwenda la mpindo wa ncha, na gongo jipya lilikuwa na lai tofauti na la zamani. Kwa hiyo mambo mawili yalibadilika kwa mpigo mmoja, na kwa muda ikawa vigumu kujua kosa la mpindo ni lipi na la lai ni lipi. Ushauri wote ulio hapa chini unatokana na kazi hiyo ya kuyatenganisha.

Tepu ndiyo inayosema ukweli. Funga tepu mpya kuanzia kisigino cha bapa, yaani pale linapoungana na mpini, hadi ncha, fanya mazoezi kamili, kisha geuza gongo uangalie ukingo wa chini. Tepu ikiwa imelika upande wa kisigino, lai ni kubwa mno kwako, au gongo ni fupi. Ikiwa imelika upande wa ncha, lai ni ndogo, au gongo ni refu. Ikiwa imelika katikati na kufifia taratibu kuelekea pande zote mbili, uko salama, hasa kwa kuwa mabapa mengi ya siku hizi hayana ukingo wa chini ulionyooka kama rula. Umeviringika kidogo ili sehemu tofauti zilale kwenye barafu kulingana na kisahani kilipo.

Kipimo cha dukani sikiamini sana. Unasimama wima, umevaa viatu vya kawaida, unalaza bapa sakafuni na kusema limekaa vizuri. Uwanjani umevaa viatu vya barafuni vinavyokuinua, halafu magoti yamekunjwa na mgongo umeinama. Ukilazimika kupima nje ya barafu, angalau vaa viatu vya kuchezea makali yake yakiwa yamefunikwa kwa vikinga, na ukae mkao wako halisi wa mchezo, kisha mwambie mtu apenyeze kipande cha karatasi chini ya kisigino na chini ya ncha. Pale karatasi inapopita bila kizuizi ndipo bapa limeinuka.

Watu wengi huchagua lai kwa kuangalia urefu wa mwili. Kimo kina nafasi yake, lakini mimi naangalia zaidi mtu anabebea wapi kisahani. Beki mrefu anayependa kunyoosha gongo mbali na mwili ili kufunga njia anaweza kuhitaji lai ndogo kuliko winga mfupi anayekimbia akiwa wima na kisahani karibu na miguu. Jiangalie kwenye video ya mechi, hata ya simu, kabla hujanunua gongo jingine. Na usishangae ukikuta 5 ya kampuni moja inalala kama 6 ya nyingine. Hazipimi kwa namna moja.

Kama lai imekosea kidogo tu, kabla ya kurudi dukani cheza na urefu. Kukata mpini kunashusha mkono wa juu, mpini unalala zaidi na ncha inainuka. Kuurefusha kwa kiungio cha mbao kunafanya kinyume chake. Kata kidogo kidogo, kwa sababu kilichokatwa hakirudi, na kumbuka kwamba gongo likifupishwa linakuwa gumu zaidi kupinda. Shuti lako la kifundo, lile la kusukuma kwa vifundo vya mikono, linaweza kupoteza nguvu, nawe ukaanza tena kuulaumu mpindo usio na hatia.

Sasa mpindo wenyewe. Yaangalie mambo matatu: unaanzia wapi, una kina gani, na uso wa bapa umelala nyuma, yaani umefunguka, kiasi gani. Watengenezaji huandika alama. Kwa kampuni ya Bauer, P88 una mpindo wa katikati na uso usiofunguka sana. P92 uso wake umefunguka zaidi, nao ndio utakaoukuta mikononi mwa watu wengi. P28 una mpindo ulio karibu na ncha, na ncha yenyewe imefunguka. Ukitoka P88 kwenda P28 umehamia nyumba nyingine kabisa. Kisahani hakikai tena mahali kilipokuwa kikikaa. Kwenye mpindo wa katikati kinatulia tumboni mwa bapa chenyewe. Kwenye mpindo wa ncha makao yake yako mbele, nawe mikono yako bado inakitafuta nyuma.

Ndiyo maana siku za mwanzo mashuti hupaa. Uso uliofunguka unakiinua kisahani bila kuombwa, na mpigaji aliyezoea bapa lililofunga bado anakichota kama zamani. Dawa yake ina sehemu mbili: mwisho wa shuti, geuza vifundo vya mikono ili uso wa bapa uangalie chini, na umalize gongo likiwa chini likielekea unakolenga. Usianze na nguvu. Piga polepole ukilenga sehemu ya chini ya goli peke yake, hadi kisahani kiende chini kwa hiari yako. Kwenda juu bapa hilo litakupeleka bure.

Lakini kama una saa moja tu ya mazoezi, mimi ningeipeleka kwenye mgongo wa bapa, upande wa nyuma uliobinuka, si kwenye mashuti. Hapo ndipo mpindo mkubwa unapokudai. Upande wa tumbo, ule wa mbele uliobonyea, mpindo unakisaidia kisahani kukaa; upande wa mgongo umebinuka, na kisahani kinachoguswa karibu na ncha kinateleza na kuondoka. Ulichokuwa ukifanya kwa bapa lililonyooka, yaani kupokea pasi kwa mgongo popote itakapogonga, hakifanyiki tena. Inabidi ukipokee karibu na kisigino, mahali ambapo bapa bado limenyooka, huku ukilegeza mkono wa chini na kulirudisha gongo nyuma kidogo kufuata mwendo wa kisahani. Simama mita chache kutoka ukuta wa uwanja, piga kwa mgongo, pokea kwa mgongo. Inachosha na haina utamu wowote, wala hakuna atakayekupigia makofi. Fanya hivyo kila unapoingia kwenye barafu, kabla ya kitu kingine.

Nyumbani, ubao laini wa plastiki na kisahani vinatosha. Chezea kisahani kutoka tumbo hadi mgongo bila kukitazama, kwanza mbele ya mwili, kisha pembeni. Kukiburuta kwa ncha, kwa wenye mpindo wa ncha, kutakuja mapema na kutakufurahisha mno. Usiruhusu kukule muda wote. Mashuti ya kupiga moja kwa moja bila kutuliza ndiyo huchelewa kurudi, kwa kuwa bapa lililofunguka halisamehe kisahani kilichofika sentimita chache nje ya mahali pake.

Wapo watakaokushauri uongeze mpindo kwa moto. Bapa la mbao lilikubali mambo hayo, na wachezaji wa Chicago, Stan Mikita na Bobby Hull, waliyapindisha sana mabapa yao miaka ya 1960. Bapa la nyuzi za kaboni limeshikiliwa na gundi ngumu. Ukilipasha moto unaidhoofisha gundi hiyo. Tena kuna sheria. NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, inaruhusu mpindo wenye kina cha hadi inchi ¾, kama milimita 19, tangu 2006. Kabla ya hapo ilikuwa nusu inchi. Fainali ya 1993, mchezo wa pili, kocha wa Montreal Jacques Demers aliomba gongo la Marty McSorley wa Los Angeles lipimwe dakika za mwisho. Lilizidi kipimo, McSorley akatolewa kwa adhabu, Éric Desjardins akasawazisha, kisha akafunga tena katika muda wa nyongeza.

Katika kipindi hiki chote usiguse kitu kingine. Ugumu wa gongo uwe uleule, urefu uleule baada ya kuurekebisha, hata namna ya kufunga tepu. Gongo la zamani lifungie kabatini. Anayecheza kipindi cha kwanza na jipya na cha pili na la zamani huwa anairudisha mikono mwanzo kila wiki.

Mikono ikishazoea, halafu ukaona bado unakwepa kutumia mgongo wa bapa kwenye mechi, unakipeleka kisahani tumboni hata pale njia fupi iko upande wa pili, basi mpindo huo ni mkubwa kwako. Tafuta wenye kina kidogo, huku ukibaki na lai ileile uliyohangaika kuipata. Ukiridhika nao, andika mahali alama ya mpindo, lai na urefu wa mpini baada ya kuukata, kwa maana maandishi ya kwenye mpini hufutika na alama nyingine huacha kutengenezwa. Gongo la akiba likate kwa urefu huohuo siku unayolinunua, lisikusubiri hadi la kwanza livunjike katikati ya mechi.