Kesi ya hela huku haiishi kwa kurudisha hela

Wazee, shikamooni. Wadogo zangu, nimesoma yote mliyoandika kwenye kundi la familia tangu habari za yule kijana wa mtaani kwetu kukamatwa huku Marekani zifike Tanga. Kwamba ni kesi ya hela tu, hajaua mtu. Kwamba atarudisha alichochukua, atoke. Kwamba jela za Marekani ni kama hoteli. Na wewe uliyeandika kwamba mimi niliye huku "niongee na watu", wewe ndiye umenifanya nikae niandike. Hakuna watu wa kuongea nao. Karatasi ya mashtaka imeandikwa "United States of America" dhidi ya jina la mtoto wa watu. Hii si kesi ya jimbo wala ya kituo cha polisi, ni ya serikali ya shirikisho, yaani serikali kuu ya Marekani nzima.

Hiyo ya kurudisha hela najua mmeitoa wapi. Septemba 2019 Rais Magufuli aliwapa watuhumiwa wa uhujumu uchumi siku 7 wakiri, warejeshe fedha, watoke, na wapo waliotoka. Huku ukirudisha hela, umerudisha hela, na kifungo kiko palepale. Kinaweza kupungua, hilo sikatai. Lakini mahakama inakufunga na inakuamuru uwalipe walioibiwa, vyote viwili, na ukitoka deni unatoka nalo.

Halafu mnasema kaiba benki. Hakuiba benki. Aliombwa akaunti. Mtu aliye mbali anamlaghai mama mjane wa Kimarekani kwa mapenzi ya mtandaoni, yule mama anatuma akiba yake, hela inaingia kwenye akaunti ya kijana, anakata kidogo chake, inayobaki anaisukuma mbele. Yeye anaona kamsaidia mtu wa nyumbani. Sheria inaona udanganyifu kwa njia ya mtandao, hadi miaka 20. Inaona utakatishaji fedha, hadi miaka 20 mingine. Ukiilaghai benki yenyewe, inafika 30. Na ukitumia kitambulisho cha mtu mwingine katika udanganyifu huo, kuna miaka 2 ya lazima, na hiyo haiendi pamoja na kifungo kingine, inaongezwa juu yake.

Msiniambie hakujua. Ukiona dalili ukaamua kufumba macho, mahakama za huku zinakuhesabu kama uliyejua. Wengine hutumiwa kwanza barua ya onyo na serikali kwamba akaunti yako inapitisha fedha za utapeli. Ukiendelea baada ya barua hiyo, huna tena pa kusimama.

Ila msishike ile 30 mkaanza kumlilia kama marehemu. Hicho ni kiwango cha juu kabisa, na wachache hukifikia. Jaji anaanzia kwenye mwongozo wa adhabu: hasara ilikuwa kiasi gani, ulikuwa na nafasi gani kwenye mpango, umewahi kufungwa au la, umekubali kosa au umebisha. Tangu 2005 mwongozo huo haumfungi jaji, anaweza kushuka chini yake. Sasa lisikilizeni hili, maana ndilo lililomwangusha yule kijana alipoelezwa: hasara haipimwi kwa ulichobaki nacho mfukoni. Zikipita dola 200,000 kwenye mikono yako nawe ukabaki na 5,000, mezani zinawekwa 200,000. Ukiwa na wenzako, hata za wenzako unaweza kuhesabiwa, kama ulikuwa na sababu ya kujua zinakuja.

Na akishahukumiwa, amehukumiwa. Kwetu mfungwa mwenye tabia njema anapunguziwa theluthi. Kwenye magereza ya shirikisho parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, ilifutwa kwa makosa yote yaliyotendwa kuanzia 1 Novemba 1987. Tabia njema inakupa siku zisizozidi 54 kwa kila mwaka. Zipo programu za kupunguza kidogo tena, lakini mgeni mwenye amri ya kuondolewa nchini nyingi hazimgusi.

Maana jela si mwisho. Udanganyifu wenye hasara inayozidi dola 10,000 unakufukuzisha Marekani hata kama una grini kadi, yaani kibali cha kuishi huku moja kwa moja, hata kama una mke na watoto waliozaliwa hapa. Kuna mzaliwa wa Honduras, José Padilla, dereva wa lori, alikaa huku kihalali miaka 40 na alilitumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Alikamatwa na bangi jimbo la Kentucky. Wakili wake akamwambia akiri tu, amekaa mno kufukuzwa. Alikiri, na kukiri kwenyewe kukamfungulia mlango wa kufukuzwa. Ilibidi afike Mahakama ya Juu, nayo mwaka 2010 ikasema wakili ana wajibu wa kumweleza mteja wake kama kukiri kutamgharimu makazi.

Kwa hiyo nyie mlioko huku mnaosoma hii: FBI, wapelelezi wa shirikisho, wakigonga mlango, nyamazeni. Sema jina lako, sema unataka wakili, nyamaza. Kumdanganya ofisa wa shirikisho, hata mlangoni, hata bila kiapo, ni kosa peke yake, hadi miaka 5. Martha Stewart, tajiri wa televisheni, mwaka 2004 alifungwa miezi 5, na hakutiwa hatiani kwa kuuza hisa bali kwa uongo aliowaambia wachunguzi na kuwazuia kazi yao. Lakini kwa wakili wako usinyamaze. Mwambie yote, hata ya aibu. Usikiri haraka. Na ujue kwamba karibu wote hukiri: mwaka 2018, kati ya washtakiwa karibu 80,000 wa shirikisho, asilimia 90 walikiri na asilimia 2 tu ndio waliofika kwenye kesi kamili. Najua hayo mawili yanagongana. Ndivyo ilivyo.

Msiuze shamba kumtafutia wakili. Asiye na uwezo anapewa na mahakama, na mawakili hao wanazijua kesi hizi kila siku. Hela itatakiwa baadaye, kwenye mahakama ya uhamiaji, ambako serikali haimpi mtu wakili. Hapo nitawachangisha.

Sasa niseme linaloniuma. Yule kijana alikuwa anapanga maboksi ghalani usiku. Walipompunguzia saa za kazi, ujumbe kutoka nyumbani haukupungua: ada, bati, msiba, harusi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza amepata wapi alipoanza kutuma kwa wingi. Mlimsifu! Mimi nami mnaniandikia, na natuma, kwa sababu niliondoka nikawaachia nyie kumuuguza baba, na hilo haliniachi. Niombeni. Ada ya mtoto nitaituma Ijumaa kama kawaida. Lakini atakayeniandikia tena "dada, pokea mzigo wa rafiki yangu kwenye akaunti yako", sitamjibu, hata awe nani.

Na huyo aliyekuwa anamtumia namba za akaunti, kama yuko hapo kwenu, asijione salama. Kina Akasha, wale ndugu wawili wa Mombasa wa kesi ya dawa za kulevya, walichukuliwa Kenya Januari 2017 wakapelekwa New York. Wote wawili walikiri. Baktash akapata miaka 25, Ibrahim 23.

Mwambieni mama yake amwandikie jaji barua kabla ya hukumu, kwa Kiswahili chake, nitatafuta mtafsiri. Asiseme mwanawe hana kosa, maana ameshakiri. Aseme amemleaje, nani anamtegemea, akirudi atafikia wapi. Barua apewe wakili, isitumwe mahakamani moja kwa moja. Na akipiga simu kutoka ndani, msimuulize lolote la kesi, simu zinarekodiwa. Muulizeni kama anakula, mpeni habari za nyumbani. Hela ya simu nitaweka mimi.